Mtu Hahesabiwi, Hata Angani

Haya mnayoyasoma ni ya kweli tupu. Sikuyaota, sikuyasikia kwa jirani, wala sikuyaokota sokoni Nkubu kwenye gazeti lililofungiwa nyama. Naapa kwa meno yaliyonibakia mdomoni, na yako ya kutosha kutafuna mahindi ya kuchoma. Asiyeamini aende Embu, afike mtaa wa Majimbo, aulize. Ataonyeshwa hadi mlango wenyewe ambapo mambo haya yalitendeka, ingawa siku hizi mlango umepakwa rangi nyingine na nyumba ilibomolewa.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwaka wa tisini na sita. Mvua ilikuwa imetulia kidogo, mitaro ikiendelea kunong'ona. Kagwiria alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya Njeru, mgongo wima, vidole vikikimbia kwenye kibodi kama mtu anayepukuchua mahindi huku wageni wanangoja. Kompyuta yenyewe ilikuwa na uzito wa ndama. Njeru aliitoa Nairobi ikiwa imefungwa kwa blanketi, na inasemekana kwamba iliposhushwa Embu mjini, mizani ya mchinjaji iliyokuwa ng'ambo ya barabara iliinama kwa heshima.

Msichana huyu alitoka Nkubu kuja kujifunza kupiga chapa katika chuo kimoja pale mjini. Njeru, kijana wa Kanja, mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi upande mmoja tu, ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Kabla ya muhula kwisha, Kagwiria alikuwa amejifunza kupiga chapa, amejifunza kuandika programu, na amejifunza kwamba mwalimu akicheka, jicho la kushoto hutangulia kufumba. Hilo la mwisho halikuwa kwenye mtihani.

Kazi yao ya mapenzi, kama watu wengine wanavyolima bustani pamoja, ilikuwa mchezo wa kompyuta. Njeru aliuita Anga Wazi. Ndani yake mchezaji alipewa chombo cha kuruka angani na kuachiwa nyota zote. Hakuna aliyemwambia aende wapi. Akitaka kununua chuma kwenye nyota hii akauze kwenye ile, sawa. Akitaka kuzurura tu, sawa vilevile. Aliyepata faida alinunua chombo kikubwa zaidi, na mwenye chombo kikubwa kuliko wote ndiye aliyekuwa mfalme wa mbingu.

Njeru aliingia na vikombe viwili vya chai. Aliinama nyuma ya bega la Kagwiria atazame skrini. Harufu ya sabuni yake ikamfikia msichana kabla ya maneno.

"Umefanya nini na rubani wangu?"

"Nimempa ujuzi."

"Hakuhitaji ujuzi. Alikuwa na chombo."

"Hiyo ndiyo shida yenyewe, mwalimu."

Njeru aliviweka vikombe chini polepole. Kagwiria alimwita mwalimu pale tu alipokuwa amekasirika.

"Hebu nieleze," akasema.

"Tazama. Zamani rubani wako alikuwa hewa. Akinunua chombo kikubwa, kinaenda mbio hapo hapo, hata kama jana alikuwa hajui usukani uko wapi. Sasa ana ujuzi wa kuongoza chombo, wa kutengeneza mitambo, wa kutibu majeruhi na wa kupatana bei. Kila ujuzi unaanza na sufuri. Akiutumia unapanda. Akiuacha unashuka. Akinunua chombo asichoweza kukiongoza, kitamzungusha mpaka atapike."

"Na nafasi kwenye diski? Diski imejaa nyota, Kagwi. Ukiongeza hayo yote, itabidi nipunguze nyota."

"Punguza."

"Nipunguze nyota?"

"Kwani nani amewahi kuzimaliza? Punguza nyota, uongeze mtu."

Njeru alicheka, jicho la kushoto likatangulia, lakini Kagwiria hakucheka naye. Aliendelea kutazama skrini kana kwamba ilikuwa imemtukana.

"Kuna nini?" Njeru akauliza kwa sauti ya chini. "Hii hasira si ya rubani."

Nje, mtoto wa jirani alikuwa akifukuza bata.

"Baba anakuja leo," Kagwiria akasema hatimaye. "Anakuja kunichukua. Kesho watu wa Mutwiri wanakuja nyumbani kuniposa, na asali na kondoo."

"Mutwiri yupi?"

"Mutwiri yupi! Wa malori."

Njeru aliketi kitandani, maana chumba kilikuwa na kiti kimoja tu. Jina hilo lilijulikana kutoka Nkubu hadi Embu. Hapa niseme ukweli bila kupendelea mtu: Mutwiri alikuwa mwanamume wa kutazamwa. Mabega kama ya fahali, sauti nzito, koti la ngozi, na lori jipya la buluu lililong'aa hivi kwamba wanawake walilisimamisha barabarani wajitazame wakijifunga vitambaa. Wasichana wa Nkubu walikonda kwa ajili yake. Kwa nini Kagwiria hakukonda, hilo ni fumbo ambalo wataalamu hawajalitatua.

"Umejua lini?" Njeru akauliza.

"Wiki iliyopita."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unaongeza nyota."

"Kagwi."

"Usinikagwi. Baba anasema Mutwiri ni mume kwa sababu ana lori. Nikakasirika, nikaja hapa nipumzike kwenye mbingu zako, na huko nikakuta nini? Mwenye lori kubwa ndiye mfalme! Hata wewe, Njeru. Uliumba dunia yako mwenyewe, hukuzuiwa na baba wala mjomba, na bado ukaiumba kama ya baba yangu."

Neno hilo lilimpata Njeru pabaya. Uso wake ulibadilika, akatazama mikono yake.

"Sikufikiria hivyo," akasema.

"Najua hukufikiria. Ndiyo maana nimefikiria mimi."

Walitazamana. Njeru alitaka kumshika, Kagwiria akaliona hilo, naye Kagwiria akataka kushikwa, Njeru hakuliona hilo, kwa maana alikuwa mzuri wa nyota kuliko wa nyuso. Kabla yeyote hajasogea, honi ililia nje. Honi ile! Ililia mpaka kuku wa Kanja wakaacha kutaga kwa muda.

"Ndiye," Kagwiria akasema.

Mzee Koome hakubisha hodi. Mwanamume wa Nkubu mwenye kahawa yake, kofia yake na fimbo yake habishi hodi kwenye nyumba ambamo binti yake yuko. Alisimama mlangoni akatazama kiti kimoja, kitanda kimoja, vikombe viwili. Uso ukakunjamana.

"Mama," akamwita Kagwiria. Alimwita hivyo tangu alipozaliwa kwa kuwa msichana alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa mzee, na hata alipomkemea alimkemea kama mtu anayemkemea mama yake, kwa uangalifu. "Kusanya nguo zako. Mutwiri ametuletea lori mpaka mlangoni."

"Karibu chai, baba."

"Sikuja kunywa chai."

"Shikamoo, mzee," Njeru akasema akisimama.

"Wewe ndiye Mwembu?"

"Ndimi, mzee. Njeru. Kwetu ni Kanja."

"Kanja." Mzee alilitamka kama mtu anayeonja maziwa aliyoyashuku. "Una shamba?"

"La baba."

"Una gari?"

"Sina."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe yuko wa nyanya."

"Basi hata maziwa ni ya kuomba. Mama, twende."

"Siendi," Kagwiria akasema.

Hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake mbele ya karani. Lakini mzee Koome alirudi nyuma nusu hatua, maana sauti ile ilikuwa ya marehemu mama yake kabisa.

"Umesemaje?"

"Siendi. Sijamaliza kazi."

"Kazi gani? Hii televisheni?"

"Umemuuliza Njeru ana nini. Ana nini, ana nini! Shamba, gari, ng'ombe. Mbona humuulizi anaweza nini?"

"Haya. Wewe kijana. Unaweza nini?"

Njeru alifungua mdomo. Kijana aliyejua kuipa nyota mwendo alikosa neno hata moja la kujieleza. Kisha akasema jambo ambalo Kagwiria alitamani alimeze likiwa bado kooni: "Nimetengeneza anga, mzee."

Mzee Koome alicheka mpaka akashika kizingiti. "Mutwiri! Mutwiri, njoo usikie! Huyu ametengeneza anga! Mungu alipumzika bure!"

Mutwiri aliingia, akaujaza mlango kwa heshima zote. Alimsalimu Kagwiria kwa upole, akavua kofia, na manukato yake yakafika Runyenjes.

Kagwiria alihisi machozi yakimchoma, akayakataa. Aliinuka, akakishika kile kiti kimoja, akakigeuza kumwelekea babake.

"Keti, baba."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Mbele ya kompyuta. Ujionee mwenyewe kazi tunayofanya. Au unaiogopa?"

"Mimi niogope kioo?"

"Basi keti."

Akaketi. Aliegemeza fimbo mezani, akakunja mikono ya koti, akaitazama skrini kama anayekagua ndama aliyeletwa kuuzwa. Kagwiria aliandika jina lake: KOOME. Akamwonyesha vitufe vyenye mishale. Akamwambia achague chombo.

"Nipe kikubwa."

"Kikubwa kabisa?"

"Mimi ni nani? Kikubwa."

Chombo kikubwa kiliruka. Kilikwenda kushoto wakati mzee alibonyeza kulia. Kikazunguka, kikalala chali, kikagonga jiwe la angani na kusimama.

"Kimeharibika," mzee akasema.

"Hakijaharibika, baba. Hujui kukiongoza bado."

"Kijana, mashine yako ni mbovu."

"Hapana, mzee," Njeru akasema taratibu. "Zamani ingekwenda. Mimi niliiandika hivyo, mwenye chombo kikubwa aende tu. Kagwiria ndiye ameibadilisha. Mimi nilikosea, yeye yuko sawa."

Kagwiria aligeuka ghafla kumtazama. Njeru hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mzee, kichwa juu, shati lake limepigwa pasi upande mmoja, na msichana alihisi moyo ukipiga kama mlango uliofunguliwa na upepo.

"Anza na kidogo, baba," akasema. "Nenda pale kwenye nyota yenye maharagwe. Ununue, upeleke hapa, uuze."

Maharagwe! Neno hilo alilielewa. Mzee Koome alisogeza kiti. Alinunua kwa bei ya kwanza, akaambiwa na mchezo kwamba amepunjwa, akakasirika. Mara ya pili akakataa, akangoja, akabonyeza kukataa tena. Bei ikashuka. Akakataa tena. Mfanyabiashara wa angani, ambaye hakuwa na mwili wala damu, alianza kubembeleza. Mzee alinunua karibu bure, akauza ghali, akarudi, akanunua tena. Mutwiri alitoka nje akapiga honi kumkumbusha. Mzee alipunga mkono bila kugeuka, kama anayefukuza nzi.

Kisha maandishi yakatokea chini ya skrini, kama Kagwiria alivyoyaandika asubuhi kwa fahari:

KOOME. KUPATANA BEI: 4.

Mzee alisoma. Alisoma tena, midomo ikisogea. Akaruka kitini kama aliyekalia siafu, fimbo ikaanguka.

"Ni nani amenihesabu?"

"Baba, ni ujuzi wako tu, una..."

"Nimeuliza ni nani amenihesabu! Jina langu, na namba kando yake! Mama, wewe ulilelewa wapi? Uliwahi kunisikia nikihesabu ng'ombe wangu? Watoto wangu? Waliokuja na makaratasi ya serikali kuuliza nina watoto wangapi waliambiwa nini?"

"Waliambiwa watazame wenyewe," Kagwiria akasema.

"Watazame wenyewe! Kwa sababu kinachohesabiwa kinaitiwa kifo. Na wewe umekuja Embu kumhesabu babako kwenye kioo!"

Kagwiria alikuwa amesahau. Yeye, aliyekua akiambiwa asinyooshe kidole kwa vifaranga akataja idadi. Alikuwa ameandika ujuzi kwa namba kwa sababu kompyuta inapenda namba, na hakufikiria hata kidogo kwamba kwao mtu hawekewi namba kando ya jina lake. Mzee alikuwa anainama kuokota fimbo. Sasa ndiyo angeondoka, na hata Kagwiria mwenyewe hakuwa na uso wa kumzuia.

Njeru alivua koti lake, akaifunika skrini.

Alifanya haraka, bila kuuliza, kama mtu anayemfunika mgonjwa mbele za watu. "Samahani, mzee," akasema. "Hilo ni letu sote wawili. Mimi nilikuwepo, ningepaswa kuliona."

Mzee aliinuka na fimbo, akamkazia macho. "Wewe, ni nani aliyekufundisha hayo?"

"Nyanya. Kwetu hata vifaranga hatuhesabu. Jioni nyanya anasimama mlangoni anawatazama, anajua kama kuna aliyepotea."

"Anajua bila kuhesabu."

"Anajua kwa sura zao."

Mzee Koome aliketi tena, taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimtazama Njeru usoni.

"Basi baba, utuambie," Kagwiria akasema, amepata pumzi. "Wewe una watu wanaokupogolea kahawa. Ukitaka kusema huyu ni mzuri kuliko yule, na huwezi kumwekea namba, unasemaje?"

"Hiyo ni rahisi. Kuna anayetazama. Huyo umempa kisu lakini humruhusu kukata, anasimama nyuma ya wengine. Kuna anayeshikwa mkono. Anakata, lakini wewe uko pale. Kuna anayeachiwa shamba. Huyo unaenda sokoni ukarudi, na mibuni yako ni mizima. Halafu..." Mzee alitulia, akainua kidole. "Halafu kuna anayetafutwa. Huyo wanatuma mtu kutoka ng'ambo ya mto, wanauliza, fulani yuko nyumbani?"

Kagwiria na Njeru walitazamana. Msichana alichuchumaa mbele ya kibodi, mvulana akapiga magoti kando yake, mabega yakagusana, na kazi ikaanza. "Badilisha maandishi ya skrini tu," Njeru akanong'ona. "Hesabu ibaki ndani." "Ndani wapi?" mzee akauliza juu ya vichwa vyao. "Ndani ya mashine, mzee, ambapo mtu hasomi." "Iliyoko tumboni mwa mashine siiulizi. Isinisomee tu usoni." "Haitakusomea, baba." Honi ililia nje. Hakuna aliyeinua kichwa. Chai ilipoa. Njeru alifuta nyota nyingi sana kupata nafasi, na kila alipofuta alipumua kama anayeng'olewa jino, lakini alifuta.

"Tayari," Kagwiria akasema.

Mzee alicheza. Alikataa bei, akakataa tena, akabembelezwa, akanunua. Maandishi yakatokea:

KOOME. KUPATANA BEI: ANATAFUTWA.

KOOME. KUONGOZA CHOMBO: ANATAZAMA.

Mzee Koome alisoma yote mawili. La pili lilimfanya agune. La kwanza alilisoma kwa muda mrefu zaidi kuliko urefu wake.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Hata kutoka Chogoria wananitafuta."

Mutwiri alirudi mlangoni. "Mzee, jua linaondoka."

"Mutwiri, njoo ucheze nawe," Kagwiria akasema. "Njoo tuone unaitwaje bila lori."

Mutwiri alikataa kwa adabu. Kiti, ukweli usemwe, kilikuwa kidogo mno kwa mtu mwenye mwili wa heshima.

"Mama, usimtukane mgeni," mzee akasema, lakini ukali ulikuwa umepungua. "Haya. Umenionyesha, nimeona. Ni kazi ya akili, sikatai. Lakini mchezo si mume. Nakuuliza wewe, usinizungushe. Huyu Mwembu, katika hii kazi ya kumpenda mtu na kumtunza, unamweka wapi? Anatafutwa?"

"Hapana."

"Anaachiwa shamba?"

"Hapana, baba. Wiki nzima nililia na hakujua. Leo amekosa hata la kukujibu, akakuambia ametengeneza anga."

Njeru aliinamisha kichwa.

"Basi unamtakia nini?"

Kagwiria alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Njeru mbele ya babake. Msichana wa Nkubu, miaka hiyo, mbele ya baba! Nawaambia, hata mvua iliyokuwa imeanza kudondoka ilisita.

"Anashikwa mkono," akasema. "Na wa kumshika ni mimi."

"Achilia."

"Siachilii."

"Mama, achilia huyo kijana."

"Baba, hujanilea kuuza nilichokipenda kwa bei ya kwanza. Nimekataa. Ukinirudishia tena bei hiyo, nitakataa tena. Mutwiri ni mtu mzuri, sina ubaya naye. Lakini nikienda naye nitakuwa mzigo kati ya mizigo yake, na hapa mimi naongeza watu kwenye anga. Unipige, unibebe, nitarudi. Hata mkinipeleka hadi Isiolo nitarudi, na huyu nitamkuta pale pale anaongeza nyota kwa ujinga wake, nami nitazipunguza."

Njeru aliukaza mkono wake. "Nitazipunguza mwenyewe," akasema. "Zote, ukitaka. Nibakishe moja ya kukaa."

Mzee Koome alivaa kofia. Aliivua. Aliivaa tena. Alitazama ile mikono miwili kama mtu anayetazama jozi ya ng'ombe wa kulima asiojua kama watavuta pamoja.

"Mwezi wa kupogoa," akasema, "huyu aje Nkubu. Aje na mikono yake, asije na hiyo televisheni. Nitamwangalia. Sijasema ndiyo."

"Hujasema ndiyo, baba."

"Na kesho nitawaambia watu wa Mutwiri kwamba binti yangu hayupo. Si uongo. Hutakuwepo."

Basi Mutwiri, mwanamume mwenye moyo mkubwa kuliko lori lake, aliposikia hayo hakukasirika hata chembe. Aliwapa vijana baraka zake kwa Kiswahili fasaha kilichomtoa Kagwiria machozi. Kisha akapanda, akawasha lori kwa mguso mmoja, likanguruma kama simba wa mlimani, na akaondoka na mzee Koome huku vumbi la dhahabu likiinuka nyuma yake, na majirani wa Majimbo wakiuliza, je, yule alikuwa nani?

"Vumbi wakati wa mvua?"

Aliyesema hivyo ni Mama Karambu, ambaye zamani aliitwa Kagwiria tu, na ambaye barazani kwake ndiko nilikokuwa nikiisoma sura hii kwa sauti. Njeru, mvi kichwani, alikuwa kando yake anamenya ndizi.

"Ni namna ya kuandika," nikasema.

"Na hiyo ya mguso mmoja, mzee Mutwiri? Na wewe umeandika lori lilikuwa jipya!"

Nilijifanya nakohoa. Hapo niliona nimebanwa. Ndiyo, Mutwiri ni mimi, mabega na yote, na mabega yale sasa yako mahali pengine.

"Andika," Mama Karambu akaniambia. "Andika kwamba lori lilikuwa la zamani, na ulipiga honi alasiri nzima kwa wivu mpaka betri ikafa. Ukapanda, ukazungusha ufunguo, kimya. Andika nani alikusukuma."

"Majirani."

"Majirani walikuwa wanacheka. Nani alikusukuma?"

"Ninyi wawili," nikasema. "Wewe na Njeru. Kwenye mteremko, matopeni."

"Kwa mikono hii! Niliyekukataa ndiye niliyekusukuma uende zako. Na baraka za Kiswahili fasaha ulizitoa wapi? Ulitoa kichwa dirishani ukatuambia tusukume kwa nguvu." Alimgeukia mumewe. "Baba Karambu, mwongo wa waziwazi namna hii anatozwa nini?"

"Kondoo dume," Njeru akasema bila kuinua macho kutoka kwa ndizi. "Na aseme moja la kweli ambalo hatulijui."

Sikubishana. Kondoo nilikwenda kumfungua jioni hiyo hiyo, yule mnene, si yule kilema niliyekuwa nimemkusudia mwanzoni. Na la kweli nililisema hapo hapo barazani, kwa kuwa hakuna mwingine anayelijua tangu mzee Koome alipotutoka.

Nilisema kwamba lori liliposhika na kuanza kukohoa, mimi nilitaka kukanyaga mafuta niondoke na aibu yangu. Mzee alikuwa kando yangu, ameinamia kioo cha pembeni. Aliwaona wote wawili nyuma yetu, matope hadi magotini, mabega pamoja, bado wanasukuma gari ambalo halikuhitaji tena kusukumwa. Akaniwekea mkono kwenye usukani.

"Polepole, Mutwiri," akaniambia. "Usiwaangushe."

Mama Karambu aliacha kucheka. Aliingia jikoni akakaa huko kitambo, na Njeru akaziacha ndizi, akamfuata.